Uliza Kwanza Kijiti Kinaelekea Wapi

Hotuba kwa walimu wa sayansi, wanafunzi na wapenzi wa saa za jua, Kisumu. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimezieleza kwa maneno kwa ajili ya wasiokuwapo.

Walimu wenzangu, wazazi, vijana wetu, na ninyi mliotoka mapema leo Nakuru, Kakamega na Busia, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja. Naomba taa zipunguzwe ili tuanze na picha moja kwa moja, maana picha za saa za jua ndizo zilizotukutanisha.

Hili mnaloliona ukutani liko Jaipur, nchini India. Wengi wakiiona picha hii mara ya kwanza husema ni ngazi isiyofika popote. Ni ukuta mkubwa wa pembetatu wenye vidaraja mgongoni, unapanda hadi mita 27 hivi, kisha unakatika hewani. Kila upande wake kuna tao nene la mawe lililopinda kuelekea juu. Hakuna chumba ndani, hakuna paa. Limo ndani ya uwanja wa kuangalia nyota uliojengwa na Sawai Jai Singh wa Pili, mtawala wa Jaipur, ukakamilika mnamo mwaka 1734, na jengo hili huitwa Samrat Yantra. Ni saa ya jua. Ukuta unaopanda ndio mtupa kivuli, kazi ambayo kwenye saa ndogo hufanywa na kijiti, na kivuli cha ukingo wake husogea juu ya yale matao kwa mwendo wa milimita moja hivi kila sekunde. Aliyesimama hapo hukiona kikitembea.

Sasa tazameni mgongo wa ukuta ule. Umeinuka kwa pembe gani kutoka ardhini? Nyuzi 27. Na Jaipur iko latitudo gani, yaani nyuzi ngapi kutoka ikweta? Nyuzi 27 kaskazini, pungufu kidogo sana. Mjenzi alikusudia hivyo, na angebadilisha pembe hiyo hata kwa nyuzi mbili angeharibu kazi yote.

Sababu ni hii. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na sisi tulio juu yake tunaona jua likizunguka. Ukichukua kijiti ukakilaza sambamba na mhimili huo, jua litakizunguka kwa nyuzi 15 kila saa, Januari sawa na Julai. Ndiyo maana kivuli cha saa tisa alasiri huangukia mstari uleule mwaka mzima. Fito iliyosimikwa wima uwanjani haina sifa hiyo. Hapa kwetu kivuli chake cha saa tisa huelekea kusini mashariki mwezi wa Juni, na kaskazini mashariki mwezi wa Desemba. Mwanafunzi akichora mistari ya saa kwa fito hiyo mwezi mmoja, mwezi wa tatu itakuwa imeshaanza kumdanganya.

Ili kijiti kiwe sambamba na mhimili wa dunia, lazima kiinuke kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali pale. London ni nyuzi 51 na nusu. Damascus ni nyuzi 33 na nusu. Upande wa kusini wa dunia kijiti huinukia kusini badala ya kaskazini. Na kwetu? Bango la ikweta liko Maseno, kwenye barabara ya Busia. Kisumu mjini tuko karibu sehemu ya kumi ya nyuzi moja tu kusini yake, na Nakuru haijafika hata theluthi ya nyuzi. Kijiti chetu hulala. Samrat Yantra ikihamishiwa hapa, ukuta ule wote wa mita 27 ungelazimika kulazwa sambamba na ardhi.

Kwa hiyo ninapoletewa picha ya saa ya jua yenye umbo la ajabu, naacha kwanza nambari, naacha maandishi yaliyochongwa, naacha mapambo. Natafuta kijiti, nauliza kinaelekea wapi. Kikishapatikana, mara nyingi picha yenyewe hukutajia ilikopigwa.

Tujaribu pamoja. Picha hii imepigwa kutoka juu kabisa, hivyo hatuoni kijiti kimeinuka kiasi gani. Lakini mistari ya saa inaonekana. Chukueni pembe kati ya mstari wa adhuhuri na mstari wa saa tisa alasiri. Kwenye saa iliyolala chini, tanjenti (kitufe cha tan kwenye kikokotoo) ya pembe hiyo ni sawa na saini (kitufe cha sin) ya latitudo. Nimepima kwenye karatasi hapa nikapata nyuzi 38. Tanjenti yake ni 0.78, na pembe ambayo saini yake ni 0.78 ni nyuzi 51 na kitu. Basi saa hii ilichorwa kwa ajili ya London au mahali palipo kwenye mstari wa latitudo wa London. Kama pembe ingekuwa nyuzi 29, tungekuwa tunaongea habari za Damascus. Rula, kipima pembe na kikokotoo cha simu vinatosha, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuifanya kabla kengele haijalia.

Nimeichagua picha hii kwa makusudi, kwa sababu saa za namna hii ndizo zinazouzwa kwa wingi kama mapambo ya bustani, za shaba, zenye bamba la pembetatu katikati. Mtu huiona nzuri, akainunua ughaibuni, akaiweka juu ya nguzo nyumbani kwake Milimani. Haiwezi kusema kweli. Ukiigeuza kushoto au kulia haitasaidia, maana kosa liko kwenye mwinuko. Lakini kuna njia ya kuiokoa, na njia hiyo inanifurahisha kila ninapoieleza. Inamisha bamba lote, ukingo wa kaskazini ushuke kwa nyuzi 51 na nusu, mpaka kijiti kilale sambamba na ardhi na kutazama kaskazini halisi. Hapo saa itaanza kufanya kazi.

Ona basi kinachotokea. Uso wa saa hiyo sasa umekuwa sambamba na ardhi ya mbali kaskazini, kwenye latitudo ya London, juu ya longitudo yetu. Inaishi mchana wa huko. Mwezi wa Desemba jua litaangaza uso wake kwa muda wa saa nane hivi tu, ilhali Kisumu ina mchana wa saa kumi na mbili. Asubuhi jua limetoka, kuku wako nje, watoto wameshafika shule, na ile saa bado iko gizani, kwa kuwa kule ilikochorewa jua halijachomoza. Sijui njia bora kuliko hii ya kumwonyesha mtoto wa darasa la saba kwamba dunia ni mviringo.

Twende kwenye kuta. Picha inayofuata ni ya ukuta wa mji mmoja wa Ulaya, na mtu wa kwanza kuiona alisema picha imegeuzwa kwenye kioo, kwa sababu nambari zinakwenda kinyume cha mwendo wa saa ya mkononi. Haikugeuzwa. Ukuta unaotazama kusini, ukisimama mbele yake ukiutazama, mashariki iko mkono wako wa kulia. Asubuhi jua liko kulia, kivuli kiko kushoto. Adhuhuri kivuli kiko chini. Jioni kiko kulia. Kushoto, chini, kulia: ndivyo saa zote za kuta za kusini zinavyokwenda. Ukitaka kujua kama picha imegeuzwa, soma herufi kwanza, usihukumu kwa nambari.

Kwetu mambo ya ukuta ni mazuri kupita ya Ulaya, na nadhani hatujayatumia. Kwenye ikweta, ukuta unaotazama kaskazini sawasawa umesimama katika bamba lilelile la ikweta ya mbingu, yaani duara la angani lililo juu ya ikweta yetu. Kijiti cha kuufaa hutoka ukutani moja kwa moja, kama msumari uliopigwa nusu. Hakuna hesabu ya mteremko. Mistari ya saa inatoka kwenye shina la kijiti, nyuzi 15 kati ya mmoja na mwingine, sawa kwa sawa. Ukuta wa kaskazini utaangazwa kuanzia tarehe 20 Machi hivi hadi 23 Septemba, kisha jua litahamia upande wa pili, na ukuta wa kusini wa jengo hilohilo, wenye kijiti chake, utaipokea kazi hadi Machi tena. Upande wa kaskazini nambari zitakwenda mwendo wa kawaida wa saa, upande wa kusini zitakwenda kinyume. Mgeni akipiga picha pande zote mbili akaenda nazo kwao, atadhani mojawapo imegeuzwa.

Na si saa tu. Kwenye ukuta huo urefu wa kivuli haubadiliki kutoka asubuhi hadi jioni. Unabadilika kwa tarehe. Kijiti cha sentimita 20 kitatupa kivuli cha sentimita 46 siku nzima ya Juni 21. Mnamo Aprili 20 kivuli kitakuwa karibu mita moja. Kadiri Machi 20 inavyokaribia kivuli kinarefuka hadi kinapita ukingo wa ukuta na kupotea. Ukichora miduara badala ya mistari ya saa pekee, umepata kalenda. Katika picha za Ulaya mtaona tarehe zikionyeshwa kwa mikunjo ya haipabola, yaani mistari iliyopinda inayozidi kufunguka, na katikati yake mstari mmoja ulionyooka wa siku ambazo usiku na mchana ni sawa, na pembeni alama za buruji (zodiaki). Wachoraji wake walihangaika sana kuipata mikunjo hiyo. Kwenye ukuta wa Kisumu bikari ya darasani inatosha.

Hii ya bakuli niipite haraka, ingawa naipenda. Ni ya Korea, huitwa Angbuilgu. Mwaka 1434, zama za Mfalme Sejong, saa kama hizi ziliwekwa hadharani mjini Seoul zikiwa na picha za wanyama badala ya maandishi, ili asiyejua kusoma naye ajue wakati. Ni bakuli lililofunguka juu, na kijiti chake kimeinuka kwa nyuzi 37 na nusu, ambazo ni latitudo ya Seoul. Swali letu linajibiwa palepale.

Sasa kuna picha ambazo kijiti peke yake hakitoshi, kwa sababu tatizo liko kwenye namna watu wa huko walivyohesabu saa. Hapa ninyi mna nafasi kuliko mpenzi wa saa za jua wa Ulaya, na nawaomba mnisikilize vizuri.

Tazameni saa hii ya Italia. Mistari yake haikutani mahali pamoja. Imekatizana kwa mshazari, na nambari zinafika 24. Mtu aliyezoea kuona 12 katikati huchanganyikiwa. Saa hii inahesabu kuanzia machweo. Mstari wa 24 ni wakati jua linapozama, na ukiona kivuli kiko kwenye 21 unajua zimebaki saa tatu za mwanga. Mkulima au msafiri alihitaji kujua hilo kuliko kujua adhuhuri. Ziko nyingine zinazohesabu kuanzia macheo, na wataalamu huziita saa za Kibabeli. Na ziko za kale zaidi, za Warumi, zilizochongwa ndani ya jiwe lenye shimo, ambazo ziligawa mchana katika sehemu 12 uwe mrefu au mfupi, hivyo saa moja ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa moja ya majira ya baridi.

Msikilizaji wa Kiswahili hashangai kusikia kwamba saa moja huanza baada ya jua kuchomoza na kwamba adhuhuri ni saa sita. Sisi ndivyo tunavyohesabu, nyumbani, sokoni, kwenye matatu. Lakini zaidi ya mazoea, kuna jambo la hesabu. London mchana hurefuka na kufupika, kwa hiyo saa za kawaida, saa za tangu macheo, na zile saa za Warumi zinazopanuka na kusinyaa, zinahitaji kila moja seti yake ya mistari. Kwenye ikweta jua huchomoza saa sita kamili kabla ya adhuhuri yake, kila siku ya mwaka. Aina hizo tatu za mistari zinalaliana, zinakuwa mstari mmoja. Saa ya jua ya Kisumu iliyoandikwa 1 hadi 11, adhuhuri ikiwa 6, ni sahihi kwa hesabu zote tatu kwa wakati mmoja. Sijaona picha ya saa iliyoandikwa hivyo. Tungeweza kuwa na moja kwenye kila shule ya kaunti hii.

Picha ya Damascus sasa. Bamba hili la marumaru, upana wake karibu mita mbili na kimo karibu mita moja, lilitengenezwa na Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayyad, mnamo mwaka 1371. Ni miongoni mwa saa za kwanza tunazozijua zenye kijiti kilicholazwa sambamba na mhimili wa dunia. Kuna mistari ya saa, na kuna mikunjo mingine ambayo mpiga picha asiyejua huidhani mapambo. Hiyo ni ya nyakati za sala. Mwislamu wa hapa Kisumu aliyefundishwa na babu yake kupima alasiri kwa kivuli ataielewa mara moja: alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Tarehe 20 Machi hapa kwetu, adhuhuri haina kivuli kabisa. Kwa hiyo kivuli kinalingana na kimo jua likiwa nyuzi 45, yaani saa tatu kamili baada ya adhuhuri ya jua, ambayo siku hiyo kwenye simu yako ni saa tisa na dakika 48.

Mbona dakika 48? Naona mikono imeinuka. Nitafika hapo, lakini kwanza nataka nizungumzie saa ambayo walimu wengi wameniulizia.

Ni hii ya uwanja wa shule, ambapo mtoto mwenyewe ndiye kijiti. Picha zake zimejaa mitandaoni na zinapendeza. Nambari zimepangwa katika duaradufu iliyochorwa sakafuni, katikati kuna ubao mrefu wenye majina ya miezi, mtoto anasimama kwenye mwezi wa siku ile, kivuli chake kinaonyesha saa. Shule inaona picha, inapima duaradufu kutoka kwenye picha, inanunua rangi, inachora. Kisha saa inasema uongo, na watoto wanaambiwa kwamba sayansi ni ngumu. Hilo linaniuma.

Ile duaradufu ilikuwa ya mahali pake. Upana wake ukiwa kitu fulani, kimo chake ni upana huo mara saini ya latitudo. London duaradufu imenona. Ukisogea kusini inabanwa, inabanwa, na ukifika Maseno imekwisha: imekuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka magharibi hadi mashariki. Mtoto wa Kisumu husimama nje ya mstari huo. Tuseme nusu ya mstari ni mita moja na nusu. Nambari zitakaa kutoka katikati kwa sentimita 39, 75, 106, 130, 145 na 150. Mwezi wa Juni mtoto atasimama sentimita 65 kaskazini ya mstari, Desemba sentimita 65 kusini yake, na miezi mingine katikati ya hapo. Msizidishe ukubwa, kwa maana kivuli cha adhuhuri hapa ni kifupi, na mtoto wa kimo cha mita moja na nusu hutupa kivuli cha sentimita 65 tu mwezi wa Juni. Kwa vipimo hivi kinaugusa mstari barabara.

Lakini lazima niwaambie pia ubaya wake. Tarehe 20 Machi mtoto atatakiwa asimame juu ya mstari wenyewe. Asubuhi hiyo jua liko mashariki moja kwa moja, kivuli kinalala juu ya nambari zote kwa pamoja, na hakuna kinachosomeka. Siku kadhaa kabla na baada yake pia usomaji ni wa kubahatisha, na Septemba yanarudi yaleyale. Kwa shule ya Kisumu au Nakuru ningechagua saa nyingine, ambayo nitaieleza mwishoni, na huyu mtoto wa kusimama nikamweka kama somo la pili, la kueleza kwa nini hawezi.

Na hapohapo niseme neno kuhusu yale maonyesho ya maji kwenye mabango ya ikweta hapa nchini, beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti kinachozunguka huku na kule, ati maji huzunguka upande mmoja kaskazini ya mstari na upande mwingine kusini yake. Hatua chache kutoka kwenye mstari haziwezi kugeuza maji ya beseni, hata kidogo. Anayemimina ndiye anayeyageuza. Mgeni angeonyeshwa nondo ya chuma iliyolazwa kaskazini kusini ikipima wakati angekuwa ameonyeshwa kitu cha kweli kinachotokana na mahali pale.

Haya, dakika 48. Saa ya simu zetu ni ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Kisumu iko nyuzi 34 na robo tatu. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua letu limechelewa nyuma ya simu kwa dakika 41. Nakuru ni dakika 36. Juu ya hapo, dunia haiendi kwa kasi moja katika njia yake na mhimili wake umeinama, hivyo jua hutangulia au kuchelewa kwa majira. Mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16, na hapo adhuhuri ya Kisumu ni saa sita na dakika 25. Katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14, na adhuhuri husogea hadi saa sita na dakika 55. Tarehe 20 Machi huchelewa dakika saba na kitu. Katika picha mtaona mchoro wa umbo la tarakimu 8 kwenye mstari wa adhuhuri, au jedwali dogo la shaba chini ya saa. Si pambo, ndiyo masahihisho yenyewe. Bila jedwali hilo mpita njia atalinganisha saa na simu yake na kusema imeharibika.

Na kwetu sisi tunaopekua picha, tofauti hiyo ni hazina. Picha ya simu hubeba ndani yake wakati ilipopigwa. Kivuli kinakupa wakati wa jua. Toa mmoja kwa mwingine, sahihisha kwa tarehe, gawanya kwa nne, na utajua umbali wa mahali pale kutoka kwenye mstari wa saa yao. Kijiti kimekupa latitudo, kivuli kimekupa longitudo. Basi mkipiga picha za saa za jua, tafadhali zipigwe jua likiwaka, moja kutoka ubavuni kabisa, moja kutoka juu, na msiikate ncha ya kivuli. Nimeletewa picha nzuri sana za mawingu ambazo haziwezi kunisaidia lolote.

Bado mbili. Mnara huu mweupe ulioinama ni wa daraja la Redding, California, lililobuniwa na Santiago Calatrava na kufunguliwa mwaka 2004. Mnara una mita 66. Pembe yake haikulingana kikamilifu na latitudo ya pale, kwa hiyo kivuli chake husema kweli hasa siku ya Juni 21. Waliouliza swali letu waligundua hilo bila kufika huko.

Na hii ndogo, yenye pete za kijivu na rangi nne pembeni, ilipigwa na chombo kilichotua kwenye sayari ya Mirihi mwezi wa Januari mwaka huohuo. Ilikuwa kipande cha kusahihishia rangi za kamera, na kijiti chake kifupi kilitupa kivuli ili wajue kivuli cha huko kina rangi gani. Bill Nye, mtangazaji wa sayansi wa Marekani, ndiye aliyeona kwamba kitu chenye kijiti na kivuli kinaweza kuwa saa ya jua. Wakaandika juu yake kwamba dunia ni mbili, jua ni moja. Hapa swali letu halina jibu, maana chombo kinatembea na kugeuka, na kijiti kinaelekea popote. Kwa hiyo hawakuchora mistari ya saa juu yake. Waliiweka kwenye picha baadaye kwa kompyuta, kila mara upya, baada ya kujua chombo kimesimama vipi.

Sasa saa niliyoahidi. Chukueni nondo nyembamba iliyonyooka, ya sentimita 40 au 50. Ilazeni juu ya vishikizo viwili, kimo chake kutoka sakafuni sentimita 10 kila mahali, iwe inaelekea kaskazini kusini. Kaskazini ipatikane kwa kivuli cha uzi wenye uzito uliotundikwa, wakati wa adhuhuri ya jua, kwa kutumia zile dakika nilizozitaja. Uzi huo msiupime Machi wala Septemba, kwa kuwa hautakuwa na kivuli. Chini ya nondo chora mstari wa saa sita. Mistari mingine yote iwe sambamba nao. Upande wa mashariki, saa saba iko sentimita 2.7 kutoka katikati, saa nane 5.8, saa tisa 10 kamili, saa kumi 17.3, saa kumi na moja 37.3. Upande wa magharibi vipimo ni hivyohivyo, kwa saa tano, nne, tatu, mbili na moja. Saa kumi na mbili haina mstari, kwa kuwa kivuli kinakuwa sambamba na sakafu na hakiigusi tena.

Mpenzi wa saa za jua wa Ulaya akiiona picha ya saa hiyo imelala hivyo, bila mwinuko wowote, atasema imewekwa vibaya. Mwambieni apime.

Taa ziwashwe sasa. Maswali nitayapokea hapahapa, na mwenye picha kwenye simu yake aje nayo mbele tuitazame.